Shajara ya mradi Zamu: kipangaji kimoja baada ya kingine, kuanzia bechi hadi wakati halisi

Zamu ni programu ndogo inayoiga vipangaji vya kazi vya mifumo endeshi, kisha matokeo yake yanapimwa kwenye kerneli (kitovu cha mfumo endeshi) za kweli. Kila toleo huongeza aina moja ya mfumo. Mwanzoni kazi zinazopitishwa ni zilezile, ili kinachobadilika kiwe kanuni ya kugawa zamu peke yake. Namba zote za mwigo unaweza kuzihakikisha kwa kalamu na karatasi.

Vipimo ni vitatu, na havichanganywi: muda ambao kazi imesubiri kwenye foleni, muda uliopita kabla ya zamu yake ya kwanza, na ukomo (wakati wa mwisho ambao kazi lazima iwe imekamilika) uliokosekana. Hakuna kipangaji kinachoshinda katika vyote vitatu. Prosesa ikiwa moja na kazi zikiwa nyingi, lazima mmoja asubiri, na tofauti kati ya aina za mifumo endeshi ni nani anayechaguliwa kusubiri.

Toleo 0.1: injini na mfumo wa bechi (kazi zinazoendeshwa kwa mkupuo bila mtumiaji)

Injini inaendeshwa kwa matukio: kazi kufika, zamu kuisha, kazi kwenda kusubiri diski, kazi kurudi. Matukio yanakaa kwenye lundo lililopangwa kwa muda. Muda wote ni namba kamili za mikrosekunde. Ukitumia namba za desimali, kujumlisha 0.1 mara nyingi huleta makosa madogo, na hayo yanatosha kubadilisha nani anatangulia pale matukio mawili yanapogongana.

Kugongana huko kunahitaji sheria iliyoandikwa. Kazi mpya ikifika mikrosekunde ileile ambayo zamu ya mwingine inaisha, ipi inaingia kwenye foleni kwanza? Vitabu hutofautiana, na majibu ya mazoezi hutofautiana navyo. Zamu inaitanguliza kazi inayofika.

Kazi za majaribio ni nne, zote zipo tangu sifuri, kwa mpangilio huu: A inahitaji milisekunde 40, B 8, C 4 na D 12. Jumla 64.

Kwa kanuni ya anayetangulia kuhudumiwa kwanza, A haisubiri, B inasubiri 40, C 48, D 52. Wastani ni milisekunde 35. Ukianza na fupi kuliko zote, mpangilio unakuwa C, B, D, A na wastani unashuka hadi 10. Kazi ni zilezile, prosesa ni ileile, na mashine inamaliza yote kwenye milisekunde ya 64 vilevile.

Fupi-kwanza ina kasoro mbili. Inadai kujua urefu wa kazi kabla haijaendeshwa, jambo linalowezekana kwenye bechi za usiku zinazojirudia, lakini si kwenye kompyuta ya mezani. La pili, kazi fupi zikiendelea kumiminika, A haipati zamu kamwe. Tiba ya kawaida ni kupandisha kipaumbele kadiri kazi inavyokaa kwenye foleni. Imeongezwa, inafanya kazi, hakuna la ziada la kusema.

Toleo 0.2: kuachiana kwa hiari

Hapa kerneli haina saa ya kukatiza. Kazi inashika prosesa mpaka yenyewe iachie. Ndivyo zilivyokuwa programu za Windows 3.1 na zile za Mac OS kabla ya Mac OS X ya mwaka 2001. Mwigo wake ni mistari michache, na kushindwa kwake ni kwepesi kuonyesha: kazi moja yenye kitanzi kisichoachia inagandisha kila kitu. Usiidharau, hata hivyo. Kwenye vidhibiti vidogo vyenye kumbukumbu ya kilobaiti chache bado ni chaguo zuri, kwa sababu data za pamoja hazihitaji kufuli: hakuna anayeweza kukuingilia katikati.

Toleo 0.3: zamu kwa zamu

Saa inakatiza, kazi inanyang'anywa prosesa na kurudishwa mkiani mwa foleni. Kwa zamu ya milisekunde 4, C inaisha kwenye 12, B kwenye 24, D kwenye 36, A kwenye 64. Kusubiri: A 24, B 16, C 8, D 24. Wastani ni 18, mbaya kuliko 10 ya fupi-kwanza.

Tazama sasa zamu ya kwanza. Kwa fupi-kwanza, A inaguswa mara ya kwanza kwenye 24 na wastani wa kazi zote nne ni 10. Kwa zamu kwa zamu wastani ni 6, na hakuna anayengoja zaidi ya 12. Mtumiaji aliyebonyeza kitufe anaona hicho kipimo cha pili, si cha kwanza. Mifumo ya kushirikiana muda, kama CTSS iliyoonyeshwa MIT mwaka 1961 chini ya Fernando Corbató, ilijengwa kwa ajili yake.

Urefu wa zamu ndio skrubu inayorekebishwa. Kwa milisekunde 16, wastani wa kusubiri ni 23 na wa zamu ya kwanza ni 17. Kwa 40 tumerudi kwenye anayetangulia kuhudumiwa kwanza, namba kwa namba. Ukienda upande wa pili, gharama ya kubadilisha kazi inakula prosesa. Tukichukua mikrosekunde 10 kwa badiliko moja, zamu ya milisekunde 4 inapoteza asilimia 0.25, zamu ya milisekunde 0.1 inapoteza asilimia 9.1, na zamu ya mikrosekunde 10 inapoteza nusu ya mashine. Mwigo hauonyeshi hasara ya kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa: kazi inayorudi inakuta data zake zimefukuzwa na inaanza kuzileta upya. Kwenye mashine halisi hiyo mara nyingi huzidi gharama ya badiliko lenyewe, kwa hiyo chukulia hesabu hii kuwa ya upole.

Toleo 0.4: kazi zinazosubiri diski

Hapa ndipo mradi ulipoanza kufanana na maisha. Kazi mbili: M inakokotoa bila kupumzika, na S inakokotoa milisekunde 1 kisha inaisubiri diski milisekunde 9, inarudia hivyo daima.

Kwa zamu kwa zamu ya milisekunde 100, S ikirudi kutoka kwenye diski inamkuta M ameketi. Mzunguko mzima ni milisekunde 101 na diski inafanya kazi asilimia 8.9 tu ya muda. Zamu ikiwa 10, mzunguko ni 11 na diski inafika asilimia 81.8. Ukimpa S haki ya kumnyang'anya M mara tu anaporudi, mzunguko unakuwa 10, na diski inafika asilimia 90. M naye alikuwa na asilimia 90.9 ya prosesa, sasa ana 90. Amepoteza chini ya asilimia moja, diski ikapata zaidi ya nane. Karibu kila kipangaji cha matumizi ya jumla kina njia fulani ya kumtambua S kwa sababu hii.

Njia ya kale ni foleni za ngazi nyingi. Kazi mpya huanzia juu, ikimaliza zamu yake yote hushushwa ngazi, ikiachia kabla hubaki. Huko chini zamu ni ndefu zaidi. Jedwali la kawaida la Solaris kwa kazi za kushirikiana muda lina ngazi 60, na zamu zinaanzia milisekunde 200 chini kabisa hadi 20 juu.

Mianya miwili ilionekana kwenye mwigo. Kazi janja inayolala kwa mikrosekunde chache kila inapokaribia mwisho wa zamu inabaki ngazi ya juu na kula karibu prosesa yote. Dawa: hesabu muda wote iliotumia katika ngazi hiyo, si zamu ya mwisho tu. Mwanya wa pili ni kazi iliyokokotoa sana mwanzoni kisha ikageuka kuwa ya kuongea na mtumiaji: imekwama chini. Dawa: kila baada ya muda fulani, pandisha kila mtu juu.

Windows inatatua yaleyale kwa njia yake. Ngazi ni 32: 0 ni ya uzi (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) unaosafisha kurasa za kumbukumbu, 1 hadi 15 hupanda na kushuka, 16 hadi 31 hazibadilishwi na kerneli. Uzi ulioamshwa na kibodi au kipanya huongezewa ngazi 6, wa diski 1, wa sauti 8, kisha nyongeza inapungua ngazi moja kwa kila zamu. Uzi uliokaa tayari takriban sekunde 4 bila kuguswa hupandishwa hadi 15 kwa muda. Zamu inahesabiwa kwa tiki za saa: mbili kwenye toleo la mezani na 12 kwenye seva, ambapo tiki ya kawaida ni milisekunde 15.6. Seva inapewa zamu ndefu kwa sababu anayesubiri huko ni mtandao, si kidole.

Toleo 0.5: mgawo wa haki

Linux iliacha ngazi. Kuanzia 2.6.23 ya mwaka 2007 ilitumia CFS, toleo 6.6 la mwaka 2023 likaleta EEVDF, algoritimu ya Stoica na Abdel-Wahab ya mwaka 1995. Kila kazi ina uzito na saa yake ya kidhahania. Uzito unatokana na nice, namba ambayo ikiwa kubwa mgawo unakuwa mdogo: wa nice 0 ni 1024, wa nice 5 ni 335, wa nice 10 ni 110, wa nice 19 ni 15. Kazi ya nice 5 ikitumia milisekunde 1, saa yake inasogea takriban 3.06. Kwa CFS, aliye nyuma kuliko wote ndiye anayefuata. Kwa EEVDF, kwanza inaangaliwa kama kazi inadai (imepata chini ya mgawo wake) au inadaiwa. Kati ya zinazodai, inachaguliwa yenye ukomo wa kidhahania ulio karibu. Faida yake ni kwamba kazi inaweza kuomba zamu fupi ikahudumiwa mapema bila kuongezewa mgawo. Kuanzia 6.12, programu inaweza kuomba urefu huo yenyewe kupitia sched_setattr.

Kosa la kuepuka kwenye mwigo: kazi mpya isianze na saa ya sifuri. Wenzake wakiwa wamefika sekunde 60, mgeni atashika prosesa dakika nzima akiwafukuzia. Mwanzishe mahali walipo wenzake. Aliyelala muda mrefu mtendee vivyo hivyo.

Kupima kwenye mashine halisi:

    taskset -c 2 nice -n 0 ./mzigo &
    taskset -c 2 nice -n 5 ./mzigo &

Mzigo ni kitanzi kitupu, na taskset inazifunga kazi zote mbili kwenye kiini kimoja cha prosesa. Tarajio ni 1024 kwa 1359, yaani asilimia 75.3 dhidi ya 24.7. Jaribu pia nice 10 na 15: uzito 110 na 36, na jibu ni lilelile, kwa kuwa kinachohesabika ni tofauti ya hatua. Bila taskset kila kazi itapata kiini chake na zote mbili zitaonyesha asilimia 100, kisha utadhani nice haifanyi kazi.

Kuna mtego mwingine unaopoteza watu muda. Ukiendesha kazi hizo kwenye madirisha mawili tofauti ya terminali, mgawo unaweza kutoka nusu kwa nusu hata kama moja ni nice 19. Soma /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled. Ikiwa 1, kila kipindi cha terminali ni kundi, makundi yanagawana sawa, na nice inafanya kazi ndani ya kundi tu.

Namba zichukuliwe kutoka /proc/PID/schedstat: ya kwanza ni nanosekunde za prosesa, ya pili nanosekunde za kusubiri kwenye foleni, ya tatu idadi ya zamu. Hiyo ya pili ndiyo kipimo chetu cha kusubiri, bila kukisia. Kwenye /proc/PID/status angalia mabadiliko ya hiari na yasiyo ya hiari. Yasiyo ya hiari yakiwa mengi, kazi inanyang'anywa. Ya hiari yakiwa mengi, inasubiri kitu kingine, na kuchezea nice hakutasaidia.

Makundi yenye kikomo (cgroup za Linux) yanastahili majaribio yao. Ukiandika 100000 100000 kwenye cpu.max, umelipatia kundi milisekunde 100 za prosesa kila milisekunde 100, sawa na kiini kimoja. Programu yenye nyuzi nne kwenye viini vinne inamaliza mgawo huo kwa milisekunde 25, kisha nyuzi zote zinagandishwa 75. Wastani wa matumizi unaonekana mzuri, huku ombi lililofika kwenye milisekunde ya 26 likisubiri hadi kipindi kipya. Ushahidi upo kwenye cpu.stat, mstari wa nr_throttled. Kabla ya kulaumu mtandao kwa huduma inayokwamakwama ndani ya kontena, soma mstari huo.

Toleo 0.6: wakati halisi

Huku wastani hauna thamani. Swali ni moja: je, kuna hali yoyote ambayo ukomo unakosekana?

Kazi tatu za kujirudia, ukomo wa kila moja ukiwa mwisho wa kipindi chake. K1: milisekunde 3 kila 10. K2: 5 kila 25. K3: 12 kila 40. Matumizi ni 0.3 + 0.2 + 0.3 = 0.8. Kikomo cha Liu na Layland cha mwaka 1973, kwa kazi tatu zilizopewa kipaumbele kwa ufupi wa kipindi, ni 0.780. Tumekizidi, lakini kikomo hicho kinatosha tu, si sharti. Kinachoamua ni hesabu ya mwitikio: chukua muda wa K3, ongeza muda wa kila aliye juu yake mara idadi ya vipindi vyake vilivyoanza ndani ya mwitikio huo, rudia mpaka namba itulie. Kwa K3 inapita 20, 23, 26, 31, 34, na inabaki 34. Chini ya 40, inapita.

Tukaongeza K3 taratibu. Ikifika 18, mwitikio ni 40 kamili, bado inapita. Ikifika 19, K1 ya tano inaingia na mwitikio unaruka juu ya 40. Matumizi hapo ni 0.975. Kipangaji cha ukomo wa karibu kwanza kinazibeba kazi hizohizo, kwa kuwa nadharia yake inaruhusu hadi 1.

Linux ina kanuni hiyo tangu 3.14, kupitia chrt -d. Lakini ukitenga kiini kimoja kwa ajili ya kazi hizi tatu, kerneli itamkataa wa mwisho kwa kosa la EBUSY: kwa kawaida inaruhusu mikrosekunde 950000 kwa kila 1000000, na 0.975 imezidi 0.95. Na usijaribu taskset hapa, utapata EPERM. Kutenga kiini kwa kazi za namna hii kunafanywa kwa cpuset (kundi la viini) ya kipekee.

Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye miundo ya watu ni kumpa kipaumbele cha juu aliye muhimu badala ya mwenye kipindi kifupi. Mpe K3 ngazi ya juu, na K1 itasubiri 12 wakati ukomo wake ni 10. Prosesa ina nafasi ya asilimia 20 na bado ukomo unakosekana.

Kufuli ndilo lililochukua sehemu kubwa ya toleo hili. K3 ameshika kufuli kwa milisekunde 3. K1 anaamka, analihitaji, anasubiri. K2, asiyehusika na kufuli kabisa, anaamka na kumnyang'anya K3 prosesa kwa milisekunde 5. K1 anamaliza baada ya 5 + 3 + 3 = 11. Ukomo umekosekana kwa sababu ya kazi iliyo chini yake. Ukiwasha urithi wa kipaumbele, K3 anapanda hadi ngazi ya K1 mpaka aachie, na K1 anamaliza kwenye 6. Ndicho kilichokipata chombo cha Mars Pathfinder kwenye sayari ya Mars mwaka 1997: kazi ya chini ya data za hali ya hewa ilishika semafora (aina ya kufuli), za katikati zikaingilia, na mlinzi wa mfumo akawa anaiwasha kompyuta upya. VxWorks, mfumo endeshi uliokuwa ndani, ilikuwa na urithi huo, umezimwa. Ulipowashwa kutoka Duniani tatizo likaisha.

Kwenye FreeRTOS, mfumo endeshi wa vidhibiti vidogo, kufuli la xSemaphoreCreateMutex lina urithi. Semafora ya binari haina. Msimbo unakusanyika vilevile na unafanya kazi vilevile kwenye meza ya majaribio, ndiyo maana kosa hili hufika mbali.

Mengine ya kuangalia kwenye kidhibiti. Kazi ya kipindi iandikwe kwa xTaskDelayUntil. Ukitumia vTaskDelay ya tiki 10 baada ya kazi ya milisekunde 3, kipindi chako ni karibu 13, na kinayumba. Tiki zikiwa 100 kwa sekunde, pdMS_TO_TICKS(3) ni sifuri kwa kuwa mgawanyo ni wa namba kamili, na kazi haitalala kabisa. Rafu ya kazi hupimwa kwa maneno ya kumbukumbu, si baiti, isipokuwa kwenye ESP-IDF (zana za vidhibiti vya ESP32) ambako ni baiti. FreeRTOS inahesabu namba kubwa kuwa kipaumbele cha juu, Zephyr, mfumo mwingine wa aina hiyo, inahesabu ndogo. Ukihamisha msimbo bila kugeuza namba, ratiba yote inapinduka kimyakimya.

Kwenye Linux, chrt -f 50 humpa mtu haki ya kuwapita wote wa kawaida, lakini kumbukumbu isipofungwa ndani ya RAM kwa mlockall, ukurasa mmoja uliokosekana unaharibu hesabu yote. PREEMPT_RT, chaguo la wakati halisi la Linux, imeingia kwenye kerneli kuu tangu 6.12, pima ucheleweshaji kwa programu ya cyclictest huku mashine ikiwa na mzigo mzito wa diski na mtandao, na uandike kilele, si wastani.

Toleo 0.7: limefunguliwa

Viini vingi. Foleni moja ya pamoja ni rahisi kuiga, ila kila kiini kinagombea kufuli lake. Foleni ya kila kiini inahitaji kusawazishwa, na kila uhamisho unaacha kashe yenye joto nyuma. Mwigo sasa una gharama ya uhamisho kama kigezo. Kuipima kwenye mashine halisi bado. Baada yake viini visivyolingana, vikubwa na vidogo, ambavyo Linux inavipanga kwa kuzingatia nishati tangu 5.0. Injini inadhani kila milisekunde ya prosesa ni sawa na nyingine, na dhana hiyo lazima itolewe kwanza kabla ya mstari mwingine wowote kuandikwa.